Besi haisikiki? Kabla ya kuchangia amplifaya kubwa, angalia boksi la spika

Mwaka juzi kwaya moja ya huku Kihonda ilichanga hela miezi kumi ili inunue amplifaya mpya ya gita la besi. Malalamiko yalikuwa yaleyale kila Jumapili: besi haisikiki. Mpigaji anapiga, vidole vinaonekana vinatembea, ila waliokaa nyuma wanasikia mvumo tu, kama lori linapita barabara ya Dodoma.

Amplifaya ikaja kutoka Kariakoo. Ikaungwa kwenye maboksi matatu ya zamani. Jumapili ya pili ikanyamaza katikati ya wimbo, na harufu ya kuungua ikafika mpaka kwa wazee wa kanisa pale mbele.

Nilikuwepo, na mimi ni mmoja wa walioshauri inunuliwe. Tulipokuja kufungua maboksi, ndipo tukaona kosa halikuwa la amplifaya. Lilikuwa kwenye mbao, kwenye tundu la boksi na kwenye namna tulivyounga nyaya. Yote hayo yangerekebishwa kwa sehemu ndogo tu ya zile hela.

Kwa hiyo haya hapa ndiyo mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwa nini besi inasumbua kuliko gita la kawaida

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Besi ya nyuzi tano, ambayo siku hizi wapigaji wa injili ndiyo wanaipenda, inashuka mpaka hezi 31. Gita la kawaida linaanzia hezi 82.

Sasa sikiliza. Kila ukishuka oktavu moja, ili sauti ibaki na nguvu ileile, karatasi ya spika inabidi iende mbele na nyuma umbali mara nne. Ndiyo maana spika inayopiga gita vizuri kabisa, ukiiwekea besi inapasuka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karatasi ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana zinafutana, na sauti nzito ndiyo ya kwanza kupotea. Boksi lipo ili kuzitenganisha. Boksi likiwa na nyufa, au mbao ikitetemeka nayo, unalipia wati nyingi zinazoishia kutikisa mbao.

Wati zinadanganya

Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linaiona tofauti, lakini ni ndogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kutoka wati 200 kwenda 400 siyo safari ya maana kama boksi ni bovu.

Angalia namba nyingine kwenye karatasi ya vipimo vya spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukisimama mita moja. Spika ya desibeli 97 ukiipa wati 100 inasikika sawa na ya desibeli 94 uliyoipa wati 200. Namba hii haiandikwi kwa maandishi makubwa kwenye katoni. Kinachoandikwa ni "1000W", na hiyo mara nyingi ni ya sekunde moja tu kabla ya kuungua.

Mtego mwingine ni wufa za gari. Zinauzwa kila mahali, zina sumaku kubwa na zinatisha kwa macho. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya chumba kidogo cha gari, zinakula umeme mwingi kwa sauti ndogo, na sauti za kati hazitoi vizuri. Mlio wa kidole kikigusa uzi wa besi upo juu, kwenye hezi mia saba na kuendelea. Usipousikia huo, utasikia mvumo bila noti. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kwanza ya kwaya yetu: mawili kati ya yale maboksi matatu yalikuwa na wufa za gari.

Mji huu una historia na besi

Morogoro siyo mgeni kwa habari hizi. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na ikiwa na Mbaraka Mwinshehe ilifika mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka kuanzisha Super Volcano. Upande wa pili kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na baada ya kifo chake mwaka 1965 jina lililobaki juu likawa Juma Kilaza.

Enzi zile vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, anaacha gita na spika palepale. Leo mambo yamegeuka: kwaya, kikundi au kijana mmoja mmoja ndiye anayenunua. Kikiungua, hakuna tajiri wa kumlilia.

Lililofungwa au lenye bomba?

Maboksi ya besi yapo ya aina kuu mbili.

La kwanza limefungwa kabisa, hewa haitoki. Linatoa sauti kavu, iliyobana, na linasamehe makosa ya vipimo. Mfano maarufu duniani ni boksi la Ampeg SVT lililotoka mwaka 1969: spika nane za inchi 10, limefungwa. Halishuki chini sana kama watu wanavyodhani, lakini linapendwa mpaka leo, kwa sababu sikio likisikia sauti za juu za noti vizuri, lenyewe linajaza ile ya chini.

La pili lina bomba. Hewa iliyomo ndani na hewa ya kwenye bomba vinacheza pamoja, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia. Ukilituni sawasawa, bomba linaisaidia spika pale chini inapochoka. Ukikosea, unapata noti moja inayonguruma na nyingine zinazopotea.

Hesabu za maboksi haya ziliwekwa sawa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baadaye Richard Small akaziendeleza. Ndiyo maana karatasi ya spika nzuri ina vifupisho kama Fs, Qes, Qts na Vas. Usiogope. Kwa kuanzia chukua Fs ugawe kwa Qes. Jibu likiwa karibu na 50 au chini, spika hiyo inataka boksi lililofungwa. Likiwa karibu na 100 au zaidi, inataka bomba. Katikati, chagua mwenyewe. Mfano, spika yenye Fs 40 na Qes 0.40 inakupa 100, basi weka bomba.

Spika isiyokuja na karatasi ya vipimo kabisa? Mimi naifungia kwenye boksi lisilo na bomba. Kubahatisha bomba ni kutafuta lawama.

Mbao: usidanganyike na uzito

Mafundi wengi watakwambia mninga, kwa kuwa ni mgumu. Kwa kitanda, sawa. Kwa boksi la spika, ubao mzima unavimba na kusinyaa kwa upana wake, masika na kiangazi. Kwa unyevu wa hapa chini ya Uluguru, baada ya misimu miwili viungo vinaachia na boksi linaanza kupiga mluzi. Na mbao "ya bei poa iliyoshuka mlimani" achana nayo kabisa. Msitu ule ni hifadhi, na ndiko mji unakopata maji.

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Sheti moja la futi 8 kwa 4 linatosha boksi moja la spika ya inchi 15, na mabaki unayatumia kwa vipande vya kukaza ndani. Ile marini bodi inayotumika kumwagia zege inafaa, ila ile ngozi yake ya nje inateleza na haishiki gundi. Ikwangue kwa msasa kila sehemu inayoungana.

Tazama pembeni mwa sheti kabla ya kulipa. Ukiona matundu kati ya tabaka, rudisha. Matundu hayo yatalia kama njuga.

MDF inakubali kama boksi halitoki ndani. Kwa kwaya inayosafiri kwenye kirikuu, hapana: ni nzito, kona zinavunjika, na ikilowa inavimba kama mkate. Chipubodi usiiguse. Maboksi yetu yale yalikuwa chipubodi, na skrubu zilikuwa zinachomoka kwa vidole.

Vipimo vya boksi moja ninaloliamini

Hili ni la spika moja ya inchi 15 inayokubali bomba. Vipimo ni vya ndani:

Upana sentimita 45, kimo sentimita 62, kina sentimita 40. Hiyo inakupa lita kama 111. Ukitoa nafasi inayoliwa na spika, mabomba na vipande vya kukaza, unabaki na lita 100 hivi.

Mabomba ni mawili, yale ya PVC ya maji taka ya inchi 4, kila moja urefu wa sentimita 16. Yanakaa chini ya spika, ubavu kwa ubavu. Hapo boksi linatuni karibu na hezi 45, ambayo ni pazuri kwa besi ya nyuzi nne.

Kwa nini mawili na siyo moja? Moja lingetakiwa kuwa fupi sana, sentimita 4 tu, na hewa ingepita kwa kasi mpaka isikike inafoka. Mawili yanapumua taratibu.

Kama spika yako ina karatasi ya vipimo, ingiza namba kwenye programu ya bure ya kukokotoa maboksi kabla hujakata mbao. Lita 100 siyo amri kutoka mbinguni. Kuna spika za inchi 15 zinazotaka 70 na nyingine 130.

Kukata na kuunga

Kazi hii siyo ya seremala wa kitanda wala ya fundi redio peke yake. Mpate kijana mmoja anayejua msumeno na mwingine anayejua soda. Huku Kihonda hawakosekani, wengine wamepita VETA yetu hapahapa. Ukimkabidhi mmoja kila kitu, nusu moja ya kazi itakuwa ya kubahatisha.

Vipande vya mbao vikatwe kwa mashine ya meza, kona zote ziwe mraba. Kinachoshika boksi ni gundi ya mbao. Skrubu zinabana tu wakati gundi inakauka. Paka gundi nyingi mpaka itokeze nje, halafu ndani kila pembe pitisha silikoni au gundi tena. Acha siku nzima kabla ya kuweka spika. Mvuke wa silikoni mbichi haufai kwenye gundi ya karatasi ya spika.

Ndani weka mti wa kukaza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na mwingine kutoka mbele hadi nyuma. Kisha gonga kwa ngumi. Boksi zuri linajibu "tok", kavu. Likijibu "boom", bado.

Kuta za ndani, isipokuwa ile ya mbele yenye spika, zipe tabaka la sponji au pamba ya kutengeneza mito. Usizibe midomo ya mabomba. Kati ya spika na mbao weka mkanda wa sponji ili hewa isivuje, na ifunge kwa bolti na nati, siyo skrubu za mbao. Spika itatoka na kurudi mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Tuni kwa simu yako

Hii sehemu naipenda, maana haina gharama. Pakua programu ya simu inayotoa sauti ya hezi unazotaka. Ipitishe kwenye amplifaya kwa sauti ndogo, anza hezi 80 ushuke polepole hadi 30.

Tazama karatasi ya spika. Kuna mahali itapunguza kucheza mpaka ionekane imesimama, huku upepo kwenye bomba ukizidi. Hapo ndipo boksi limetuni. Ikiwa ni juu ya 45, bomba ni fupi. Ikiwa chini, ni refu. Kwa hiyo siku ya kwanza kata mabomba ya sentimita 20 uyaweke bila gundi, halafu uyapunguze kidogo kidogo. Bomba refu linakatika, fupi halirefuki.

Tahadhari moja. Chini ya hapo boksi linapotuni, spika inabaki haina kitu cha kuizuia. Mpigaji wa nyuzi tano akikandamiza ule uzi wa hezi 31 kwa nguvu, karatasi inaruka mpaka koili igonge nyuma. Kama amplifaya au mikisa ina kitufe cha kukata sauti za chini kabisa, kiwashe. Kama haina, punguza kirungu cha besi kwenye amplifaya.

Omu: hapa ndipo tulipounguza

Nyuma ya kila amplifaya kuna maandishi ya omu za chini kabisa inazokubali. Yetu iliandikwa 4. Kila boksi letu lilikuwa omu 8.

Ukiunga boksi mbili za omu 8 sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 4. Sawa kabisa. Ukiongeza la tatu unashuka mpaka omu 2.7 hivi. Amplifaya inaanza kuvuta mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, inapata moto, na kama haina kinga nzuri inakufa. Sisi tuliongeza la tatu. Tuliona tundu lipo nyuma ya boksi la pili, tukachomeka. Tundu kuwepo siyo ruhusa.

Kupima ni rahisi. Chomoa boksi kwenye amplifaya, weka mita ya umeme kwenye omu. Spika ya omu 8 itasoma kama 5.5 hadi 6.5. Ya omu 4 itasoma kama 3 na kitu. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imekwenda.

Halafu chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa chanya ya betri kwenye chanya ya boksi na hasi kwa hasi, kwa kufumba na kufumbua. Karatasi inatakiwa isogee mbele. Boksi moja likienda mbele na lingine nyuma, yanafutana, na utalalamika tena kwamba besi haisikiki. Nimelikuta kosa hili mara nyingi kuliko spika iliyoungua.

Waya wa kutoka amplifaya kwenda kwenye boksi uwe mnene, milimita 2.5 za mraba unatosha. Ule mwembamba wa gita haufai hapo. Unapata moto na kula nguvu. Soketi za Speakon ni bora kuliko jeki, kwa kuwa jeki ukiichomeka au kuichomoa amplifaya ikiwa inawaka, inaweza kugusanisha chanya na hasi.

Kama hela ya boksi jipya haipo

Boksi lako la zamani bado linaweza kusaidika. Piga hezi 50 kwa simu, pitisha kiganja kwenye viungo vyote na pembezoni mwa spika. Ukihisi kaupepo, hapo ziba. Ongeza mti wa kukaza. Badilisha nyaya za ndani zilizoota kutu. Kaza bolti. Kazi ya mchana mmoja.

Spika iliyochakaa inaweza kubadilishwa karatasi na koili na fundi, lakini muulize kama anazo za modeli hiyohiyo. Akikuwekea yoyote inayoingia, vipimo vyote vinabadilika na boksi ulilokokotoa halina maana tena. Kwa spika ya bei ndogo, bora ununue nyingine.

Na jengo lenyewe liangalie. Kumbi na makanisa yetu mengi ni ya bati bila dari. Kuna noti moja au mbili lazima bati zilie, na watu wataisingizia spika. Piga noti moja moja kukiwa hakuna watu, tafuta ipi inaliza bati, ukazie misumari pale. Pia jaribu kusogeza boksi. Likiwa chini sakafuni karibu na ukuta besi inaongezeka. Kwenye kona inaongezeka zaidi, mara nyingine kupita kiasi. Kusogeza ni bure.

Ile amplifaya ya kwaya ilipona baada ya fundi kubadilisha transista za mwisho. Tulitengeneza maboksi mawili ya plaiwudi kwa vipimo hivyo hapo juu, spika zenye karatasi ya vipimo, omu 8 kila moja. Waliokaa nyuma sasa wanajua mpigaji akikosea noti, na yeye mwenyewe ndiye aliyelalamikia hilo. Boksi la tatu lipo bado pale mbele. Tulitoa wufa ya gari, tukaziba tundu, na limewekewa kinanda juu.